Injini Iliyonyimwa Pumzi

Mteja mpya akifika kwenye gereji yangu hapa Korogwe huniuliza fundi yuko wapi. Nikimwambia fundi ni mimi, huchungulia nyuma yangu kana kwamba kuna mwanaume nimemficha kwenye matairi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nanyoosha mkono, nasema lete funguo, na kabla hajamaliza kushangaa nimeshafungua boneti. Kinachonipandisha hasira mpaka leo ni kitu kingine kabisa. Ni fundi anayeona moshi wa buluu ukitoka kwenye ekzosi, hajauliza swali, hajashika spana, akatamka palepale: "Ring zimekwisha, shusha injini." Huyo kwangu ni sawa na daktari anayekusikia ukikohoa mlangoni akaagiza upasuaji.

Baba yangu alisomewa hukumu hiyo Handeni mjini. Fundi mmoja alisimama mbali kidogo na gari, mikono mfukoni, akasema injini imechoka, na kwa huruma yake akaongeza kwamba yuko tayari kulichukua gari lenyewe kama chuma chakavu, amsaidie mzee. Baba alinipigia simu jioni hiyo. Hakulalamika. Aliniuliza habari za kazi, habari za wajukuu, habari za mvua, kisha akasema, "Gari linapumua, mwanangu. Linapumua vibaya."

Wasiojua magari watanisamehe nieleze. Ndani ya injini petroli hulipuka juu ya pistoni, na pistoni imevishwa ring ili mlipuko ule usiponyoke kushuka chini, kwenye oili. Hata injini mpya huvujisha kidogo. Ile hewa chafu inayoponyoka hupanda kupitia mpira maalum, mpira wa kupumulia, ikarudishwa kwenye ea klina, chujio la hewa, ikaunguzwe upya. Ring zikilika, hewa inayoponyoka inakuwa nyingi, inabeba oili, oili inaungua, na dunia nzima inaona moshi. Mafundi tunasema injini inapumua. Kila injini inapumua, ila hii ya baba ilikuwa inahema.

Na safari hii gari lilikuwa na kazi ambayo gari jingine halikukubalika kuifanya. Mama yangu ni mtu wa Bungu, kule juu milimani, na dada yake mkubwa alikuwa anaumwa, ugonjwa ambao watu wakiutaja wanapunguza sauti. Mama mwenyewe alikuwa ameanguka msimu wa mvua uliopita, akaumia nyonga, na mguu wake wa kushoto ulikuwa hautaki kukunjwa. Kwenye basi hawezi kukaa. Bodaboda usiizungumzie. Alihitaji kiti kizima cha nyuma anyooshe mguu, na dereva asiyekimbilia mashimo. Nilisema nitaazima gari la mteja wangu mmoja, niwafuate nyumbani kwao Kang'ata, niwapandishe mwenyewe.

"La," baba alisema. "Mama yako nilimtoa kwao mwenyewe. Kila mwaka tukishavuna nampeleka mwenyewe akasalimie. Leo dada yake yuko kitandani ndiyo nimpakie kwa watu?"

"Baba, mimi siyo watu."

"Nimekusikia. Gari lipone, nitamfikisha."

Nilitegemea mama angeniunga mkono, maana mama ndiye mwenye akili ya vitendo katika nyumba ile. Alipokea simu akasema taratibu, "Fanya kama anavyosema baba yako." Nikajua sina pa kutokea. Ama niliponye gari lile, ama dada wawili wasionane.

Walifika Korogwe siku iliyofuata, jua limeshakuwa kali, wakija polepole na moshi ukiwafuata kuanzia barabara kuu mpaka mlangoni kwangu. Watu wa duka la jirani waliziba pua. Baba alishuka amevaa kofia yake ya kufuma na shati lililopigwa pasi, akafunga mlango kwa heshima, kama anavyoufunga siku zote, bila kubamiza. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaenda kumsaidia mama kushuka. Alimshika kwapani huku akimwelekeza pa kukanyaga. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia chini ya gari. Oili ilikuwa inadondoka nyuma ya injini, pale inapoungana na gia boksi, na kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimenyanyuka chenyewe kutoka kwenye tundu lake.

Kile kijiti kilinipa matumaini, na nilimwambia baba hivyo hivyo. Injini iliyochoka tu humeza oili kimyakimya. Hii ilikuwa inasukuma oili nje kupitia kila upenyo iliouona, hata kijiti ikakitapika. Ndani kulikuwa na presha isiyo na njia.

"Moshi unatoka saa ngapi?" nilimuuliza. "Ukiwasha asubuhi, ukipanda kilima, au ukishuka ukaachia mafuta?"

Baba alifurahi. Ilikuwa dhahiri hakuna aliyemuuliza swali hata moja tangu gari lianze kuumwa. Alinyoosha mgongo akajibu kama dereva aliyesimama mbele ya bosi. Asubuhi kidogo, kilimani sana, mteremkoni kidogo tena. Ulianza baada ya mavuno. Kabla ya hapo, oili ilikuwa inadondoka tone moja moja kwenye ule mpira wa juu, basi.

Nikawasha injini, nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikakigeuza nikakilaza juu ya tundu lake. Kwenye injini nzima kinatulia, kinatetemeka tu. Hiki kiliruka kikaangukia kwenye feni, nikakitafuta kwa tochi. Halafu nikavalisha juu ya tundu glovu ya hospitali. Ilijaa mara moja, vidole vitano vimesimama, ikawa kama kiwele cha ng'ombe ambaye hajakamuliwa. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, alicheka mpaka akashika nyonga yake.

Kwa fundi yule wa Handeni glovu ile ingetosha kuwa ushahidi. Mimi nikatoa plagi zote, nikapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa nzuri kwa umri wake. Moja ilikuwa chini. Nikamimina kijiko cha oili ndani ya ile moja, nikapima tena, ikapanda. Maana yake ring za silinda ile zimelika kweli, kwa sababu oili iliziba pale zinapovujisha. Kama ingekuwa vavu, oili isingesaidia kitu. Nikamwambia baba ukweli: kuna ugonjwa, ila ugonjwa huu hauwezi kujaza glovu namna ile. Mtu mwenye mafua hafi kwa kukosa pumzi mpaka mtu amzibe pua.

Niliposikia maneno yangu mwenyewe, mkono ukaenda kwenye mpira wa kupumulia.

Ulikuwa mgumu. Mpira ule hubonyea ukiubana kwa vidole, na huu katikati ulikuwa umekaza. Nikaufungua pande zote mbili, nikaingiza waya uliopinda ncha, nikavuta. Kikatoka kitu cheusi, kirefu, kizito, kinachonata. Mwanzoni nilidhani ni panya. Nikakiosha kwa petroli kwenye beseni, weusi ukatoka kidogo, nikaona nyuzi. Katani. Shungi la katani lililosokotwa vizuri, likafungwa kifundo upande mmoja ili lisiingie ndani zaidi.

Hapa ni lazima nirudi nyuma. Babu yangu aliletwa nchi hii ya mkonge akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na baba alizaliwa kambini, akakua, akawa dereva wa trekta la kuvuta katani kutoka korona, mashine inayokwangua majani, kupeleka kwenye nyaya za kuanikia na baadaye ghalani. Katani safi ni nyeupe, na tone moja la oili linaiharibia daraja lake. Matrekta yale ya zamani yalikuwa yanapumua na kudondosha oili, na nyapara akiona doa anampandishia dereva sauti mbele ya watu. Kwa hiyo madereva walikuwa na dawa yao. Asubuhi kabla ya kuwasha, wanasokota shungi jepesi la katani, wanalifunga kifundo, wanalichomeka mwisho wa bomba la kupumulia linase matone. Jioni wanalitoa, wanalitupa. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Kutoa ndiyo ilikuwa sheria yenyewe, maana katani ikishiba oili na vumbi inavimba na kuwa tofali, na injini inanyongwa. Baba alikuwa na sifa moja kambini pale: hajawahi kuisahau katani yake ndani.

Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza. Hakuna kijana wa gereji Handeni anayejua kusokota shungi lile, seuze kufunga kifundo kile. Nililinyanyua kutoka kwenye beseni nikiwa nacheka, nikijiandaa kumtania, nikasema, "Baba, hii nani kasahau?"

Baba alilichukua akaligeuza mkononi. Alilinusa. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kisha ukajaa hasira.

"Nani kaweka katani humu?" aliuliza. "Hii ni kuua gari! Huyu fundi wa Handeni, alifungua boneti nikiwa nimeenda kuswali. Huyu huyu!"

Kicheko kilinikauka. Nilimtazama nikingoja akumbuke, na hakukumbuka. Aliuliza tena nani kaweka, akinitazama machoni kama mtu aliyeibiwa. Nimefungua injini nyingi maishani mwangu na sijawahi kuogopa nilichokikuta kama nilivyoogopa pale.

"Mimi," mama alisema kutoka kivulini.

Tuligeuka wote wawili.

"Ni mimi niliyeweka," alisema, akikunja kanga yake magotini. "Oili ilikuwa inadondoka uani, ikachafua gunia langu la mbaazi. Nikakumbuka mlivyokuwa mnafanya kambini. Nikaweka. Nilijua utaitoa."

Baba alimsogelea na lile shungi mkononi. Kisha akaanza. Alimgombeza mama kwa Kiswahili, akahamia maneno ya kambini ambayo sikujua bado anayakumbuka, akarudi kwenye Kiswahili. Mwanamke gani anaingiza mkono kwenye injini ya watu? Katani inatolewa jioni, hakumwona akiitoa miaka yote ile? Alitaka wafie mlimani? Mama alikaa ameinamisha kichwa, akiitikia "Kweli," "Nimekosa," "Ndiyo baba watoto," mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akikubali kosa hata la chumvi. Na baba kadiri alivyogomba ndivyo rangi ilivyomrudia usoni. Alipomaliza alikuwa mtu mwenye afya.

Baadaye nilimpeleka mama uani kunawa. Nilimshika kiuno, tukatembea polepole, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sijawahi kumwona akigusa hata kifuniko cha maji cha gari lile.

"Sijui hata linafunguliwa wapi," alisema.

"Sasa?"

Alinawa uso kwanza. "Juzi alipeleka mahindi mashineni, akarudi bila unga. Anashangaa mimi kwa nini nauliza unga. Siku nyingine yuko sawa kabisa, unamwona. Akijua katani aliiweka yeye akasahau, ataweka funguo mezani leo hii, na hatazishika tena. Namjua. Mimi nataka anifikishe kwa dada yangu yeye mwenyewe. Mara hii tu. Baada ya hapo nitawaambia."

Niliumia, na nilikasirika pia, sitaficha. Nilimwambia mlima siyo mahali pa kumfurahisha mtu. Kuna kona ambazo ukikosea hukosei mara mbili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo maana utakaa mbele, pembeni yake." Tayari alikuwa ameshapanga. Nikasema sawa. Niliona ni afadhali niwe ndani ya gari lile kuliko kubaki Korogwe nimeshika simu.

Nikarudi kazini, na kazi ilinisaidia kutofikiri. Niliusafisha mpira kwa petroli mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Pale unapoanzia, juu ya injini, kuna vavu ndogo inayoruhusu hewa upande mmoja tu. Niliitikisa, haikulia, ilikuwa imeganda, nikaweka nyingine. Kisha nikatengeneza chombo cha kunasia oili, kwa sababu ile silinda moja ingeendelea kuvujisha tu. Nilichukua kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza, nikalitoboa mara mbili, hewa iingie huku itokee kule, nikajaza ndani nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Oili inagonga zile nyuzi, inajikusanya, inashuka chini ya kopo, na hewa inaendelea na safari yake ikiwa kavu. Chuma hakivimbi. Unamwaga kopo kila unapopima oili, basi. Nikabadilisha oili, nikaweka nzito kidogo inayofaa injini ya umri ule, na plagi mpya.

Baba alisimama juu ya bega langu muda wote. Alinishikia spana kabla sijaiomba, na kila aliyonipa ilikuwa ya saizi sahihi. Nilipomaliza tuliwasha, nikavalisha glovu ileile. Vidole vilinyanyuka kidogo vikalala. Kifuniko kikatetemeka juu ya tundu lake, hakikuruka.

"Bado kidogo," baba alisema.

"Bado kidogo, na itabaki hivyo. Silinda moja ni mzee."

"Mzee anapanda mlima," alisema, "asikimbizwe tu."

Tuliondoka kesho yake baada ya kunywa chai. Baba alisema bismillahi, akawasha, akaisikiliza injini kabla ya kuingiza gia. Mama alikuwa kiti chote cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mto. Mimi mbele, jicho moja kwenye kioo cha pembeni nikitafuta moshi, jingine kwenye mikono ya baba.

Mikono ile haikuwa na tatizo lolote. Tulipoacha lami na kuanza kupanda alishusha gia mapema, kabla injini haijalia, akaiacha ivute kwa nguvu yake. Alipiga honi kila kona. Alikwepa mashimo kwa ajili ya nyonga iliyokuwa nyuma, na mama hakuguna hata mara moja. Moshi ulitoka mwembamba kwenye mwinuko mkali, ukakatika. Nusu ya njia nilimwomba tusimame tuipoze. Nikafungua kopo nikakuta oili ya kutosha kulowesha kidole, kitu cha kawaida kabisa. Nilifurahi kama mtoto na nikasema hivyo.

Mahali barabara inapogawanyika, baba alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika. Mguu ulikuwa kwenye breki. Niliona shingo yake ikigeuka kulia, kisha kushoto, kisha kulia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wakati mama alipoanza kuongea nyuma, kwa sauti ya mtu anayepiga soga.

"Unakumbuka hapa kushoto palikuwa na yule mama wa mapeasi? Kila tukipita lazima uninunulie. Unasema ya kwake matamu kuliko ya kwa dada."

"Yalikuwa matamu," baba alisema, akakata kushoto.

Ikaendelea hivyo mpaka juu. Mbele pale kwenye msikiti ndipo walipokwama na tope mwaka ule. Ukipita mashamba ya chai tu unaona shule aliyosoma yeye. Mama alimpitisha baba barabarani kwa stori, bila kumwelekeza hata mara moja, na katikati ya stori baba alipata nafasi ya kumgombeza tena kuhusu katani. Mama alikubali tena kosa. Nilitazama nje dirishani, mashamba ya chai yalikuwa yanapita, na nilikuwa nalia. Nilijifanya vumbi limeniingia, ijapokuwa kule juu ardhi ilikuwa imelowa na hakukuwa na vumbi.

Ndugu zetu wengine tumewazika bila kuwaona wakiwa hai. Huyu mama yangu mkubwa tulimkuta. Alikuwa amelazwa chumba cha mbele, amekonda, blanketi mpaka kidevuni kwa sababu ya baridi, na aliposikia sauti ya mama mlangoni alianza kuongea Kishambaa kabla hajamwona. Tulimkalisha mama kitandani pembeni yake, mguu ukanyooshwa sambamba na miguu ya mgonjwa. Walishikana mikono, wakaongea wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Baba aliingia kusalimia, akavua kofia. "Shemeji," alisema, "huyu mdogo wako alitaka kuniulia gari." Akasimulia habari yote ya katani, na gunia la mbaazi, na glovu. Aliisimulia vizuri sana. Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, wakamwinua wakampa maji, akasema kwa shida, "Tangu utoto mkono wake hautulii huyu." Mama naye akacheka. Nilisimama mlangoni nikamwona jinsi alivyomtazama baba wakati anasimulia, na nikaacha kumkasirikia kwa uongo wake.

Tulilala Bungu, tukakaa mpaka mama mwenyewe aliposema inatosha. Aliagana na dada yake wakiwa wamefunga mlango. Sijui walisemezana nini na sikuuliza. Alipotoka macho yake yalikuwa makavu, akasema twendeni.

Tulishuka kwa gia ndogo, injini ikishikilia gari. Mteremko mrefu ni kipimo kingine, maana ukiachia mafuta injini inavuta oili popote inapoweza kuipata, na kama vavu zake zinavujisha utaona wingu nyuma yako. Nyuma yetu palikuwa peupe. Baba aliliona hilo pia kwenye kioo chake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu tuondoke hakumgombeza mama hata mara moja. Mama nyuma akaanza zile stori zake za njiani, lakini baba hakuitikia, nazo zikaisha.

Tulipofika kwenye lami baba alisogea pembeni, akasimamisha gari. Akazima injini. Malori yalikuwa yanapita yakitutikisa.

"Mwanangu," alisema, akitazama mbele. "Boneti ya gari hili inafunguliwa wapi?"

"Chini ya usukani, baba. Kushoto. Halafu unaingiza vidole mbele, unasukuma kile kichuma upande."

"Mama yako anajua?"

Sikugeuka. Nilifikiria kusema ndiyo, na nilishindwa. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kutoidanganya injini, na kutomdanganya mwenye gari.

"Hajui, baba."

Alikubali kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Alifuta usukani kwa kiganja, upande mmoja na mwingine, kama anavyofanya akimaliza safari. Kisha akachomoa funguo akaniwekea mkononi, akakifunga kiganja changu juu yake. Akashuka bila kubamiza mlango. Nilimwona akizunguka gari kwa nyuma akishikilia bodi. Akafungua mlango wa nyuma upande wa miguu ya mama.

"Nyanyua kidogo," alimwambia.

Mama alinyanyua mguu kwa mikono miwili. Baba alikaa, akautoa mto, akaupokea mguu ule akauweka mapajani mwake, akaushika ili barabara isiutikise. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona amekaa nyuma ya gari lake.

Nilihamia kwenye usukani nikavuta kiti mbele. Nilikuwa naogopa kutazama kioo cha ndani, nikakitazama.

"Umemaliza kunigombeza?" mama alimuuliza.

"Nimemaliza," baba alisema.

Nikawasha gari, nikangoja lori lipite, tukaingia barabarani.